Tui Lililokatika Saa Tano: Uchambuzi wa Kisa cha Jiko la Harusi

Kisa hiki kilitokea kwenye shughuli ya harusi katika mji mmoja wa pwani. Majina, mtaa na tarehe nimeviondoa. Mpishi mwenyewe nilimsomea maandishi haya kabla sijayatoa, akaniruhusu, akasahihisha na mambo mawili niliyokuwa nimeyakosea. Mimi nafundisha kemia sekondari. Siku hiyo nilikuwa pale kama jirani, kazi yangu kubeba maji na kuni.

Ninakiandika kwa sababu watu wanane waliosimama kwenye sufuria ya mchuzi wa nazi ambao tui lake lilikatika, mafuta yakajitenga na maji, walikuwa na maelezo manane ya kilichotokea, na mojawapo nusura limnyime mtu haki yake.

Usuli

Mpishi mkuu, ambaye nitamwita Bi Mpishi, ana zaidi ya miaka ishirini kwenye majiko ya shughuli. Alikuwa na wasaidizi saba, wengi wao vijana wa familia ya bibi arusi. Wageni walikadiriwa kuwa 250. Chakula: wali wa nazi, mchuzi wa nguru wa nazi wenye ukwaju, maharage na kachumbari.

Nazi zilikuwa 100, kutoka kwa muuza nazi mmoja wa sokoni ambaye alikuwa amelipwa nusu. Nusu nyingine angelipwa baada ya shughuli, kama kawaida yao. Kukuna kulifanywa kwa mashine kule kule sokoni, zikabaki nazi 9 ambazo hazikuvunjwa. Hizo 9 zitakuja kuwa na umuhimu baadaye.

Jambo moja halikuwa la kawaida. Bi Mpishi amezoea kupika mchuzi wa shughuli kwenye sufuria tatu za kati, kila moja na mtu wake. Safari hii wenye shughuli walikodi sufuria moja kubwa, ya lita 60 hivi, na jiko la gesi lenye moto mkali, ili kuokoa nafasi uani. Alikubali. Aliniambia baadaye kwamba moyo wake haukutaka, ila hakuwa na sababu ya kuwaeleza watu wakamwelewa.

Mambo yalivyokwenda

Saa kumi na mbili asubuhi walikamua. Tui zito, lile la kwanza, lilijaza ndoo moja ya lita 10 na jagi juu yake. Tui jepesi la pili na la tatu lilitiwa kwenye madumu. Ndoo ya tui zito ikafunikwa kwa kanga na kuwekwa kivulini.

Saa nne kasoro, msichana mmoja alifunua ndoo akashtuka. Juu kulikuwa na tabaka nene jeupe kama siagi laini, chini maji ya rangi ya moshi. Alisema, "Mama Mkubwa, tui limeharibika," akawa tayari ameinua ndoo aende kumwaga. Bi Mpishi alimzuia. Alichukua upawa, akakoroga taratibu kuanzia chini, na katika dakika moja ndoo nzima ilirudi kuwa nyeupe. Akaonja. Halikuwa na uchachu. "Hili limepumzika tu," alisema.

Kufikia saa tano kasoro robo sufuria kubwa ilikuwa na vitunguu vilivyokaangwa, thomu, bizari, manjano, nyanya za kopo na tui jepesi, vyote vikichemka. Hapo yalifanyika mambo matatu kwa wakati mmoja. Ukwaju wote ulitiwa, ndoo nzima ya tui zito ikafuata mara moja, na sufuria ikafunikwa ili ichemke haraka, maana samaki walikuwa bado wanakaangwa na muda ulikuwa unakwenda. Kijana aliachwa na mwiko. Ule mwiko ulikuwa mfupi, haukufika chini. Kisha ikasikika sauti kwamba wali unaungua upande wa pili wa ua, na Bi Mpishi akakimbilia huko.

Alirudi baada ya dakika kumi na tano hivi. Kifuniko kilikuwa kinarukaruka. Alipokifunua, mchuzi haukuwa mchuzi. Juu yalielea madimbwi ya mafuta ya rangi ya chungwa, yanang'aa. Kati kulikuwa na punje nyeupe kama maziwa yaliyoganda vibaya. Chini, maji.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuzima moto, na ulikuwa wake peke yake. Vijana walitaka uongezwe ili "ukaze". Alisema kitu kinachoendelea kuvunjika hakikazwi kwa kile kile kinachokivunja. Hata hivyo sufuria ile iliendelea kutokota kwa dakika kadhaa bila moto. Lita 40 na zaidi za mchuzi hazipoi kama lita mbili za nyumbani.

Uamuzi wa pili ulikuwa kukoroga kwa nguvu. Vijana wawili walipokezana. Mchuzi ulionekana kurudi, kila mtu akashusha pumzi, na kabla hawajaweka mwiko chini madimbwi yalikuwa yamerejea.

Wa tatu haukuwa wake. Jirani mmoja alitupia viganja viwili vya unga wa ngano mkavu ndani ya sufuria. Unga ukafanya mabonge, kila bonge bichi ndani. Dakika ishirini zikapotea kuyaopoa kwa chujio.

Wakati wengine wanaopoa mabonge, Bi Mpishi alifanya jambo ambalo ndilo lililonifanya nirudi nyumbani nikiwa na kisa. Alichota mafuta ya juu kwa upawa, akachovya kidole, akaonja. Akachota maji ya chini, akaonja. Akaniita.

"Mwalimu, onja haya. Mafuta hayana chumvi hata chembe. Hayana ukwaju. Lakini tazama rangi, manjano yote yamepanda huku."

Nilionja. Ilikuwa hivyo hasa. Mafuta yalikuwa na harufu ya bizari na rangi ya manjano na nyanya, lakini ulimini yalikuwa matupu. Maji ya chini yalikuwa makali kwa chumvi na ukwaju, na rangi yake imefifia. Viungo vyote vilitiwa kwenye sufuria moja, na kila kimoja kilikuwa kimechagua upande wake.

Uamuzi wa nne ndio uliookoa chakula. Aliamuru mafuta yaenguliwe yawekwe kando. Ikakamuliwa nazi iliyokunwa iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya maharage, likapatikana tui bichi kama lita tatu. Konfulawa ikakorogwa kwanza kwenye maji baridi, mpaka haina bonge. Kisha mchuzi ulipitishwa kwenye blenda, jagi moja moja, kila jagi na upawa wa tui bichi na kijiko cha ule uji wa konfulawa. Blenda zilikuwa mbili, moja ikaungua katikati ya kazi. Kila jagi lililotoka lilimiminwa kwenye sufuria za kati, zile tatu za siku zote, juu ya moto mdogo, bila vifuniko. Samaki wakatiwa mwishoni.

Matokeo

Wageni walikula saa tisa badala ya saa saba. Mchuzi ulishikana mpaka sahani ya mwisho. Haukuwa na ladha yake, ulikuwa na uzito wa unga mdomoni, na wazee wawili walilisema hilo waziwazi. Maharage yalipikwa bila nazi. Mafuta yaliyoenguliwa yalikuwa kama lita moja na nusu.

Jioni, wakati wa hesabu, familia ilikaa ikaamua kwamba nazi zilikuwa mbovu, kwa hiyo muuza nazi asilipwe nusu yake iliyobaki. Ushahidi wao ulikuwa ile ndoo ya saa nne. Tui, walisema, lilishajitenga kabla hata ya kuguswa na moto.

Maji na mafuta hayachukiani

Nimefundisha miaka mingi nikisema maji na mafuta yanachukiana. Nimeliandika hilo ubaoni, na nasikitika, maana si kweli. Dondosha tone la mafuta ya kula juu ya maji safi kwenye beseni safi: linatandaa. Kungekuwa na chuki, lingejikunja.

Molekyuli ya maji ina oksijeni moja na haidrojeni mbili, nayo imepinda. Upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, upande wa haidrojeni chaji chanya kidogo. Basi molekyuli za maji hushikana mikono na jirani zao, zikaachiana, zikashika wengine, bila kutulia. Chumvi ikiingia humo inapokelewa, kwa kuwa imeundwa kwa chaji. Sukari inapokelewa, na asidi ya ukwaju pia, kwa kuwa zina sehemu ambazo maji yanaweza kuzishika. Spiriti ya hospitali ni hivyo hivyo: ukiitia kwenye maji kwa kipimo chochote, huoni tabaka.

Molekyuli ya mafuta ya nazi ni minyororo ya kaboni na haidrojeni. Karibu nusu ya asidi zake za mafuta ni asidi ya lauriki, ambayo mnyororo wake una kaboni 12. Haina mkono wa maana wa kuyapa maji. Maji yanayoizunguka yanalazimika kujipanga kwa namna maalumu ili yaendelee kushikana yenyewe kwa yenyewe, na mpango huo unayanyima uhuru. Kadiri mafuta yanavyotawanyika katika matone mengi madogo, ndivyo maji mengi zaidi yanavyobanwa. Matone yakiungana kuwa dimbwi moja, maji mengi yanaachiwa huru. Kwa hiyo mafuta hujikuta pamoja kwa sababu maji yanashikana bila hayo. Yakishaungana, yanaelea, kwa kuwa lita moja ya mafuta ya nazi ina uzito wa kilo 0.92 hivi na lita ya maji ina kilo moja.

Rangi ya manjano haiyeyuki vizuri kwenye maji, lakini kwenye mafuta inayeyuka. Wekundu wa nyanya vivyo hivyo. Ndiyo maana rangi ilipanda na chumvi ikabaki. Ulimi wa Bi Mpishi uligundua pale uani kitu ambacho wanafunzi wangu hukikariri kwa maneno.

Aliniambia kwamba yeye hajasoma, kwa hiyo nisiyachukulie maneno yake. Nilimweleza habari za Agnes Pockels wa Braunschweig, Ujerumani, mwanamke ambaye hakuingia chuo kikuu. Alichunguza jikoni kwake namna mafuta na sabuni vinavyobadili uso wa maji, kwa beseni la bati alilolibuni mwenyewe. Mwaka 1891 alimwandikia mwanasayansi Mwingereza Lord Rayleigh kuhusu aliyoyaona, na Rayleigh akaona yanafaa kuchapishwa. Yalitoka mwaka huo huo katika jarida la Nature. Mpaka leo maabara zinatumia vyombo vilivyotokana na beseni lile.

Nani alikuwa akilishikilia tui?

Kama mafuta hayakai na maji, tui lenyewe linawezekanaje? Nyeupe ile ni matone madogo mno ya mafuta, mengi yana upana wa sehemu chache za elfu za milimita, yametapakaa ndani ya maji. Yanabaki yametapakaa kwa sababu kila tone limevikwa protini ya nazi. Uzi wa protini una sehemu zinazokubaliana na maji na sehemu zinazokubaliana na mafuta, basi unalala mpakani, huku umeshika hiki na huku kile. Mimi huuita kipatanishi. Zaidi ya hapo, protini hizo zina chaji za aina moja, na matone yenye chaji moja husukumana, hayaungani.

Ukilielewa hilo, unaelewa kwamba tui lilipitia mambo mawili tofauti siku ile, ingawa watu waliyaita kwa jina moja.

Lililotokea kwenye ndoo saa nne ni kuelea. Matone yenye mafuta yalipanda juu, lakini kila moja likiwa bado na vazi lake. Ndiyo maana upawa ulitosha kuyarudisha. Tui lolote bichi, la nazi nzuri kabisa, litafanya hivyo likikaa saa kadhaa. Tui la kopo halifanyi hivyo haraka kwa sababu kiwandani hupondwapondwa matone yake yawe madogo zaidi, na mara nyingi huongezewa gundi ya guar, inayofanya maji yawe mazito, au kipatanishi. Tone likiwa na upana mara mbili hupanda kwa kasi mara nne, kwa hiyo udogo una faida kubwa.

Lililotokea kwenye sufuria ni kukatika. Vazi lilivuliwa. Joto likifika nyuzi 80 hivi, protini za nazi hufumuka na kuanza kunasana zenyewe kwa zenyewe. Ndizo zile punje nyeupe. Ukwaju ukaongeza la pili. Tui bichi lina pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, karibu na 6. Asidi ikiishusha kuelekea 4, chaji za protini zinafutana, matone yanaacha kusukumana. La tatu ni ule mchemko mkali chini ya kifuniko, uliokuwa unayagonganisha matone yasiyo na kinga. Matone yaliyogongana yakawa dimbwi.

Hapo kukoroga hakusaidii. Mwiko unaweza kuyavunja mafuta vipande, lakini hauwezi kuvipa vipande hivyo vazi jipya. Tui bichi lilileta protini ambazo hazijapikwa. Konfulawa ilifanya maji yawe mazito ili matone yasisafiri upesi. Blenda iliyakata madogo. Vitu vitatu hivyo vilihitajika pamoja, na naamini kwamba kimoja peke yake kisingetosha kwa saa mbili za kupakua.

Sufuria nne

Wiki iliyofuata nilimwomba Bi Mpishi zile nazi 9 zilizobaki, za mzigo ule ule wa muuza nazi yule yule. Tulizivunja tatu, tukakamua tui zito, tukaligawa kwenye sufuria nne ndogo.

La kwanza tulilipika peke yake, moto mdogo, bila kifuniko, likikorogwa. Halikukatika. La pili lilipikwa peke yake pia, lakini moto mkali, limefunikwa, bila kukorogwa kwa dakika kumi: yalitokea macho ya mafuta na punje chache. La tatu tulilitia ukwaju kwanza, kwa kipimo cha siku ya harusi. Lilianza kufanya vipande hata kabla halijachemka. La nne lilifuata njia ya Bi Mpishi ya siku zote ya nyumbani. Nyanya na ukwaju viliiva ndani ya tui jepesi, moto ukapunguzwa mpaka mchemko ukatulia, na tui zito likaingia mwisho, upawa mmoja mmoja huku akikoroga. Lilitoka zuri, na tulilila kwa wali.

Nazi zilikuwa nzima.

Kilichofaa na kilichoharibu

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, lilikuwa mpangilio: asidi yote kwanza, tui zito lote mara moja, kifuniko juu. Nyumbani Bi Mpishi hafanyi hata kimoja kati ya hayo. Alifanya yote matatu kwa sababu sufuria moja kubwa ilimwondolea nafasi ya kupika kwa zamu. Na hesabu ya ukubwa haikuwa upande wake. Sufuria kubwa inapata moto mkali chini na inahifadhi joto muda mrefu, kwa hiyo wakati wa kusahihisha kosa unakuwa mfupi. Sioni kwamba kijana mwenye mwiko alistahili lawama aliyopewa. Mwiko haukufika chini na hakuambiwa aangalie nini.

Kuliweka tui kwa muda wa saa nne hivi kwenye joto la pwani halikuwa chanzo, kwa kuwa lilionjwa na halikuwa limechacha. Ila ni hatari ya kweli. Tui linalochacha linajitengenezea asidi lenyewe, na linaweza kukatika bila hata ukwaju, mbali na madhara ya tumbo. Sasa Bi Mpishi anakamua kwa awamu.

Wanawake wa pwani wana kanuni kwamba tui hukorogwa upande mmoja. Tulijaribu pande zote mbili tukaona hali ile ile. Lakini anayezingatia upande haondoi mkono kwenye mwiko, na hilo la kutoondoa mkono ndilo linaloliokoa tui. Nilipomwambia hivyo Bi Mpishi alinisahihisha: mama yake alimfundisha kukoroga upande mmoja ili samaki wasivunjike. Hilo sikulijua.

Kuzima moto kulikuwa sahihi. Kutomwaga ile ndoo kulikuwa sahihi zaidi. Kuengua mafuta kabla ya blenda nako kulifaa, kwani kipatanishi kidogo hakiwezi kuvika mafuta yote yale.

Baada ya hapo

Niliwaeleza wenye shughuli majaribio yetu, mbele ya Bi Mpishi, nikiwa na bakuli mbili: la tui lililoelea na la tui lililokatika. Baba wa bibi arusi alikoroga la kwanza mwenyewe likarudi, akakoroga la pili likagoma. Hakuuliza swali jingine.

Yale mafuta ya lita moja na nusu Bi Mpishi aliyachemsha taratibu mpaka maji yakaisha, akayachuja kwa kitambaa. Yalibaki na rangi ya manjano na harufu ya bizari, akayatumia kukaangia bajia kwa karibu mwezi. Muuza nazi alilipwa nusu yake Jumatatu. Bi Mpishi ndiye aliyempelekea, na chupa moja ya mafuta yale mkononi.